Tuta la Pili

Jumatatu nilipita Kisesa, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima lililofunguliwa baada ya Uhuru. Mama mmoja, mkulima wa pamba, aliandika mstari wa kwanza vizuri, kutoka kushoto kwenda kulia. Wa pili akauanzia pale pale alipoishia, akarudi nao kinyumenyume.

Mwalimu, kijana wa umri wangu, akakiinua kibao cha mama wote wakione. "Mama, nimesema mara ngapi? Kichwa kitupu! Kesho mpishe mwingine, madawati ni machache."

Mama hakutikisika. "Sitoki, mwalimu. Shambani nikimaliza tuta, naanza jingine hapo hapo nilipo. Nikirudi mwanzo na jembe begani, si watasema nimerogwa?"

Darasa likacheka, mwalimu akiwamo. Nikafungua mdomo nimhutubie kijana yule, lakini mwanamke aliyekaa dawati moja na mama akaniwahi.

"Huko ni kulima, mwenzangu. Hapa unapanda. Ukipanda, kapu la mbegu unaliacha wapi?"

"Mwanzo wa tuta."

"Basi lifuate."

Mama akafuta kwa kiganja, akaandika upya. Mwisho wa mstari mkono ulisita hewani, kisha ukarudi kushoto. Mwalimu akasoma, akakirudisha kibao. Habari ya kesho hakuitaja tena.

Hotuba yangu naimalizia hapa: walimu, kabla hamjakiita kichwa kitupu, ulizeni kimejaa nini. Nasikia mama yule amebaki darasani, anaandika sawasawa, ila kila akimaliza mstari hunung'unika: "Safari nzima ya kurudi, mikono mitupu!"