Kompyuta Ishirini Zilipomjibu Kariuki

Sikulazimishi uniamini, ila usinicheke. Haya niliyaona kwa macho yangu, pale mtaa wa Umoja, saa tisa mchana, mwaka wa tisini na nane.

Nilikuwa nafundisha katika chuo kidogo cha kompyuta, juu ya duka la vitambaa. Mwenye chuo alikuwa Kariuki. Mwalimu mwenzangu, Atieno, ndiye aliyeandika programu ya kutuma somo moja kwa kompyuta zote ishirini kwa mpigo. Aliweka sharti moja: ujumbe ukitumwa kwa kundi, kompyuta iliyoshindwa kuupokea inyamaze, isirudishe taarifa ya kosa.

"Zote zikilalamika pamoja," aliniambia, "aliyetuma atazamishwa na majibu."

Programu ilipokamilika, Kariuki alimfukuza, akaniamuru nifute jina lake kwenye programu niweke la Kariuki. Nikafuta. Wewe ungefanyaje?

Miezi mitatu baadaye wakaja wageni kuona "kazi ya Kariuki". Kwenye kompyuta ya nyuma kabisa nikamkuta Atieno ameketi, na sweta yake ya bluu.

"Sasa, mwalimu."

"Poa. Kumbe umerudi?"

"Nimekuja kujibu. Nani alifuta jina langu?"

Nikamwonyesha Kariuki kwa kidole. Mungu anisamehe.

Kariuki akabonyeza kitufe cha kutuma somo. Kompyuta zote zikamrudishia kosa kwa pamoja: *Mwenyewe hapatikani. Mwenyewe hapatikani.* Kioo cha kompyuta yake kikajaa. Nikachomoa waya wa mtandao, maneno yakazidi kumiminika. Nikazima umeme. Wallahi, kioo hakikuzimika!

Kariuki akaziba masikio. "Msijibu wote!" akalia. Sisi wengine hatukusikia chochote. Kugeuka, kiti cha nyuma kitupu.

Jioni hiyo nilienda mtaa wa Mukuru kwa Njenga, kwa kaka yake Atieno.

"Dada tulimzika wiki mbili zilizopita," akasema. "Homa ya mapafu. Hata ile sweta ya bluu tulimzika nayo."

Kesho yake nilikagua programu. Sharti la Atieno lilikuwa palepale, halijaguswa: hakuna kompyuta iliyopaswa kurudisha kosa.

Kariuki alifunga chuo. Mpaka leo hawezi kusema mbele ya watu. Akisimama kanisani, neno la kwanza tu anaziba masikio. Na mimi? Nikiandika jina langu kwenye kompyuta yoyote, herufi zinajifuta moja moja huku natazama.

Kwa hivyo nisikilize. Kama umeweka jina lako juu ya jasho la mtu, mtafute leo, umrudishie, wakati bado ana mdomo wa kukusamehe.