Ndengu Zisizoacha Mapengo

Mimi nikiambiwa jambo huitikia hata kama sijaelewa, kwa sababu kuuliza hunitoa jasho. Tabia hiyo ndiyo imeniaibisha.

Madam Mwende, jirani yetu hapa Tala, anasomea udaktari. Si wa sindano, wa hesabu. Aliniandika kazi ya kumwaga ndengu. Namwaga kikombe kimoja kwenye turubai, napiga picha, nazoa, narudia.

"Vitu vidogo vikimwagika ovyo, Muli, huacha mapengo ya namna gani katikati? Hilo ndilo nalisomea."

"Sawa, Madam," nikasema.

Nilimwaga wiki tatu kwa bidii. Madam akitazama picha anasahau hata chai. Mapengo hayakuwepo kabisa. "Vitabu vyote vinasema lazima yawepo," alisema, macho yakimng'aa. Akaandika sura nzima kuhusu maajabu hayo katika kitabu kitakachompa udaktari, kisha akamwita profesa wake aje ajionee. Nami nikaanza kujiona nusu profesa.

Profesa alifika, akachuchumaa kando ya turubai. "Haya kijana, mwaga."

Nikamwaga. Kisha, kama kila siku kabla ya kupiga picha, nikapitisha kiganja juu ya ndengu polepole mpaka zikaenea sawasawa.

"Unafanya nini hapo?" profesa akauliza.

"Nazianika vizuri," nikasema. "Kwetu ukiziacha zimerundikana hazikauki, na mama anakuita mvivu."

Madam Mwende akakaa chini, juu ya ndengu zenyewe.