Jumamosi Niliyookota Karatasi za Karanga

Sikwenda kufanya usafi kwa kuipenda bustani. Nilijua mwenyekiti wetu wa mtaa atakuwepo, na nilitaka anione nimeinama mbele yake nikizoa uchafu aliosema ni wangu.

Miezi minne kabla, alinifukuza pembeni mwa bustani hiyo, pale Kashaulili, nilipokuwa nikipika wali na samaki wa migebuka kwa watu wa sokoni. Alisema jiko langu linachafua. Nikahamishia sufuria nyumbani Makanyagio, wateja wakawa wapita njia wawili watatu, na wanangu wakaanza kuzoea kulala na uji. Nikamwandikia barua ya maombi kwa mwandiko wangu mzuri, nikaipeleka mwenyewe ofisini kwake. Akaniambia, "Acha hapo mezani, mama. Tutaifanyia kazi." Kila nilipofuatilia, bado ilikuwa inafanyiwa kazi. Nilimchukia mpaka nikawa namwota.

Kwetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Maduka hayafunguliwi mpaka saa nne, na kila mtu anafagia mbele ya mlango wake. Bustani haina mlango wa mtu, kwa hiyo wanaomba wa kujitolea. Nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nikapewa kiroba na glavu moja, ya mkono wa kushoto.

Chupa za plastiki zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Zilizojaa ni karatasi za karanga. Mke wa mwenyekiti anauza karanga za kukaanga pale getini, anazifunga kwenye vipande vya karatasi alivyovisokota, na watu wakimaliza kutafuna wanatupa hapo hapo. Moyo wangu ukafurahi. Kumbe uchafu ulikuwa wa nyumbani kwake! Nikaanza kuzikunjua moja moja, nipate cha kumwonyesha. Ya tano au ya sita ilikuwa na chumvi na mafuta, na juu yake maneno haya, kwa mwandiko wangu: "YAH: KUOMBA KURUDISHIWA SEHEMU YA KUPIKIA."

Nikakaa chini kwenye nyasi. Nilitegemea kulia, lakini nilichosikia ni utamu, nakiri.

Saa nne tukakusanyika kusikiliza shukrani. Mkewe alikuwa kando na beseni lake, anasubiri tumalize auze. Mwenyekiti aliponyamaza nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba niwasomee taka nilizookota." Watu wakacheka. Nikasoma yangu, polepole, mpaka pale ilipochanikia. Nikachukua nyingine, ya mtu aliyeomba kalavati mbele ya nyumba yake. Hapo kicheko kikakatika.

"Hiyo ni ya kwangu," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Kumbe nyie mnafungia karanga?"

Mwenyekiti akamgeukia mkewe. "Mama, hizi karatasi umezitoa wapi?"

"Si uliniletea wewe mwenyewe, baba watoto? Ulisema hazina kazi. Mimi kusoma sijui."

Ningeweza kuishia hapo. Nikamwomba yule mama arudie, ili na wa nyuma wasikie. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani anamsaidia mumewe.

Mwenyekiti akajikohoza. Akatangaza kwamba kuanzia leo mimi nirudi mahali pangu, na kwamba karanga hazitauzwa tena pale getini. Watu wakanipigia makofi. Mkewe akatazama huku na huku, kama anayengoja mtu amweleweshe kosa lake, halafu akajitwisha beseni likiwa bado limejaa, akatoka. Watu wakampisha bila kumsemesha.

Miezi minne nilikuwa nikiomba nimwone mtu akiondoka pale namna ile. Niliyemlenga alikuwa bado amesimama mbele yetu, anagawa maji kwa waliojitolea. Aliponifikia akanipa chupa kwa mikono miwili, akasema, "Pole na kazi, mama." Nikaipokea, nikanywa yote.