Jina Langu kwenye Kompyuta ya Polisi
Wueh, naandika haya uso ukiwa bado unanichoma. Mwaka jana, tukiishi chumba kimoja hapa mtaa wa Al Mansoura, huku ughaibuni, nilimshuku Rehema wa Tanga kuwa anapunguza mafuta yangu ya kupikia. Nikamrushia mwiko. Polisi wakanisainisha ahadi ya kutomkaribia mwaka mzima.

Mwaka ukaisha, lakini jina langu likabaki kwenye kompyuta yao. Hoteli iliyotaka kunipa kazi ya ulinzi ikasema nilisafishe kwanza. Nikaenda kituoni, na nikamkuta nani ameketi pale na namba mkononi? Rehema!

Nani alimwambia leo nakuja? Ati bahati tu? Nikajua amekuja kuniongezea mwaka mwingine. Nikajibanza nyuma ya mashine ya maji, nikimchungulia. Akaitazama simu yake, akatabasamu. Ehe, nikasema, anapanga na wenzake.

Namba yake ilipoitwa, akampa askari karatasi zake; hapo nikachomoka, nikamvuta mtandio, nikapiga kelele: "Msimwamini! Mwongo huyu!"

Askari akaitazama picha yangu kwenye kompyuta, akaniuliza kama namjua dada huyu, maana amekuja kuomba jina langu lifutwe.

"Nilisikia umepata kazi," Rehema akasema, akijifunga upya mtandio. "Nikaona nikusaidie, dada."

Askari akavuta droo, akatoa karatasi mpya ya ahadi. Nikapapasa mkoba, sina kalamu. Rehema akanirushia yake kutoka upande wa pili wa chumba, maana sasa siruhusiwi tena kumkaribia.