Klabu ya Mbio Niliyoiua kwa Uongo Mmoja

Admin nifichie jina tafadhali, Garissa ni ndogo na baba yangu anajulikana. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka thelathini na nne, nauza vitambaa sokoni. Wateja husema nina mdomo mkali. Ninao, lakini siku mdomo huo ulipotakiwa kusema kweli ulisema upuuzi, na mpaka leo najichukia.

Nikiwa na miaka kumi na nne tulikuwa na klabu ya mbio hapa mtaani Galbet. Aliianzisha mwalimu mmoja wa kutoka Rhamu, mtu wa swala tano, mpole. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba ruhusa kwa wazazi, akaahidi sisi wasichana tutakimbia na hijabu na suruali ndefu, na tutarudi kabla ya dugsi, yaani madrasa. Baada ya alfajiri tunashika barabara ya uwanja wa ndege, yeye nyuma na baiskeli kuukuu, anatufokea tusiburute miguu. Mimi nilikuwa wa mita elfu moja mia tano. Sijapata tena furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu akisoma hapa anisamehe.

Ramadhani ilipoingia, maalim alisimamisha mazoezi mpaka baada ya Idd. Siku moja nilikuwa kwenye siku zangu, kwa hiyo sikufunga, na dini yenyewe inaniruhusu. Nikajificha nyuma ya jiko nikanywa maji. Baba akanikuta, yuko na adeer, kaka yake mkubwa. Wanawake wenzangu mnaelewa. Mama alikuwa ameshafariki, na kwetu msichana hamtamkii baba yake jambo hilo, tena mbele ya adeer, bora ardhi ipasuke immeze. Nikasema la kwanza lililonijia: "Ni maalim. Alituambia sisi wa mbio tusifunge, mashindano yako karibu."

Alasiri hiyo baba alisimama msikitini akasema kuna mtu anawafungulisha watoto wetu. Kesho yake maalim akaja nyumbani. Nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia kila neno.

"Mzee, wallahi mazoezi nimesimamisha. Mwite binti aseme mwenyewe."

"Binti yangu hadanganyi," baba akamjibu.

Hatua mbili tu zingenitoa pale. Sikutoka.

Baada ya Idd walikuja wavulana wawili tu mazoezini, halafu mmoja, halafu hakuna. Msichana aliyetushinda sote kwa mbio aliozwa kabla ya mwaka kuisha. Maalim alikuwa hasalimiwi tena njiani, akaomba uhamisho akarudi kwao. Klabu ikafa hivyo, na watu wa Galbet mpaka leo wanaitaja kama kitu kichafu.

Sasa sikieni kilichonifikisha hapa. Baba ni mzee sana na Alhamisi anaondoka kwenda Hija. Kama ilivyo desturi, amekuwa akizunguka na fimbo yake kuomba msamaha kwa kila aliyemkosea, hata jirani aliyegombania naye mbuzi zamani. Nikajikaza nikamuuliza, "Aabo, na yule maalim wa mbio?" Akasema, "Huyo sikumdhulumu. Nilitetea dini." Akasema kwa amani kabisa. Nililia chooni kama mtoto.

Nikatafuta namba ya maalim kwa mfanyabiashara wa vitunguu wa Rhamu, nikampigia. Nilitoa salamu tu, akanijua kwa sauti. Hakuuliza kwa nini nilimsingizia. Aliuliza, "Binti, bado unakimbia?" Nikakata simu. Nilishindwa, jamani.

Nikimwambia baba, naogopa moyo wake hautahimili, na atajua alimvunjia mtu heshima mbele ya msikiti mzima bure. Nikinyamaza, anaenda mbele ya Kaaba na dhuluma ambayo hata haijui, na niliyemtwika ni mimi.

Jana alimaliza majirani, akaja kwangu wa mwisho. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu, kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe." Yeye ndiye ananiomba mimi. Nikamwambia hakuna, aabo.

Zimebaki siku tatu. Mnitukane mkitaka, nastahili, lakini mniambie: nifanye nini?