Anayesalimia Makabati

Mama wa masjala ya zamani, katika hospitali yetu ya kufundishia hapa Bariadi, haingii kazini bila kusalimia. "Mwangaluka," huyaambia makabati kwa Kisukuma, kisha husubiri kidogo, kama mtu anayeitikiwa. Siku za jua huyaanika madaftari ya wodi ya miaka ya nyuma kwenye jamvi, akiyageuza kwa vidole vyake vipana kama wenzake wanavyogeuza michembe ya viazi vitamu, na kuku wakisogea huwafukuza kwa sauti ambayo hata madaktari wanafunzi huiogopa. Ukilamba kidole ili ufunue ukurasa, atakuchapa mkono: "Hawa ni watu, siyo gazeti."

Juzi alikuja bibi mmoja kutoka Zagayu, akitaka tu kuona alipoandikwa mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa na kufia hapa siku hiyohiyo. Mama wa masjala akalitafuta daftari, akamshika bibi kidole, akakiweka juu ya mstari.

"Wameandika nini?"

"Mtoto wa kike, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi tu?"

"Basi, mayu."

"Mvua ilikuwa inanyesha," akasema bibi. "Ningemwita Kabula, mtoto wa mvua."

Mama wa masjala hakuandika kitu, maana daftari la zamani haliongezwi neno. Alilifunga kwa viganja viwili, akamsindikiza mgeni hadi getini. Mimi ninayefanya kazi chumba cha jirani nilidhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi nikasikia ufunguo, mlango, na sauti ileile: "Mwangaluka." Kisha akaongeza: "Mwangaluka, Kabula."