Samadi Mbichi

Likizo ya mwezi wa sita nilijitolea kwenye bustani ya mtaa wetu hapa Karatu, tunapolima mboga za wazee wanaoishi peke yao. Mama mmoja wa Kimasai ndiye aliyekuwa anatuletea samadi ya mbuzi. Alinionyesha malundo mawili: la zamani ni la kutumia, bichi linasubiri. Mimi nikiangaliwa usoni akili inahama. Nilijibu tu, "Ndiyo, mama," macho chini, sikushika kitu.

Kesho yake nilitandaza ile mbichi kwenye kitalu chote cha sukuma wiki. Baada ya siku nne miche ilikuwa imeungua.

"Yeyo, mbuzi wako wanakula pilipili?" mwenyekiti wa bustani akamuuliza yule mama, akimwita "mama" kwa Kimasai. Watu wakacheka. "Ndugu zetu hawa wanajua ng'ombe, bustani waachie wengine."

Yule mama aliliangalia lundo bichi, lililokuwa na shimo la chepeo, halafu akaniangalia mimi. Nikaendelea kumwagilia mahali palipokwisha kulowa.

Hakuja tena. Wiki iliyofuata nilimfuata kwake.

"Shikamoo, mama. Samahani, ile samadi niliiweka mimi."

"Marahaba. Najua ni wewe," akasema, huku akiendelea kukamua mbuzi. "Hukuwa na haja ya kuniambia mimi. Kawaambie waliocheka."

Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo Jumamosi mbili zimepita. Zote nimekwenda bustanini, nimepalilia mpaka mwisho, na sijasema.